Inchi Mbili za Kwenda Hirbadaw

Jumamosi, 8 Novemba

Maziwa kidogo leo. Saa mbili asubuhi nimesharudi chini ya pikapu. Seti ya kunyanyulia gari ilifika jana na basi la Arusha: bloku mbili za chuma, yu-bolti ndefu nne, shokapu nne. Maelekezo yote Kichina. Haya. Nitajua mwenyewe.

Niandike sababu, maana Magreti mke wangu anadai ni utoto tu. Alhamisi madaktari wa macho wanakuja Katesh, siku moja. Mama yake Magreti, kule Hirbadaw, ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Siku hizi ananijua kwa sauti. Walipokuja mara iliyopita nilikwenda kumchukua, tumbo la gari likakaa juu ya tuta katikati ya korongo, magurudumu yakabaki kuzunguka hewani. Madaktari wakaondoka. Kosa langu, na linaniuma. Bodaboda hapandi, ilishamwangusha, nyonga haijarudi sawa. Kwa hiyo gari lipande.

Nimefungua nati moja tu. Kutu tupu. Zilizobaki nimezimwagia dizeli zilowe.

Jumapili, 9 Novemba

Kanisani. Mahubiri sikuyasikia, Mungu anisamehe. Nilikuwa nawaza: mbele ya gari mbona hakuna springi? Kuna chuma kirefu tu, kimenyooka kama mpini wa jembe. Sasa injini inabebwa na nini?

Baada ya chakula nimeingia chini na tochi, na nguo za kanisani. Magreti amenifokea. Lakini nimeelewa! Chuma kinajisokota. Ukikaza bolti iliyo mwisho wake, kinasokotwa zaidi, pua ya gari inapanda. Chuma kigumu vile, kinasokotwa kama shuka linalokamuliwa. Nimefurahi mno.

Jumatatu, 10 Novemba

Nyuma tayari. Jeki ilikuwa fupi, nikaiwekea gogo chini, gari likateleza. Nilitoka mbio. Nimepanga magogo manne chini ya chesisi ndipo nikarudi. Bloku zimekaa kati ya ekseli na springi. Inchi mbili kamili. Nimepima mara tatu, kwa raha tu.

Mzee Gidabasha, jirani yetu mfugaji, amepita na ng'ombe. Nikampa shikamoo, akaitikia, akalizunguka gari lote. "Umelinyanyua lione nini?" Nimecheka hadi jioni.

Jumanne, 11 Novemba

Mbele. Nakaza bolti mzunguko mmoja, napima. Kulia juu, kushoto chini. Nakaza kushoto. Bado. Nimepandwa na hasira, nimerusha spana zizini, nimehangaika nusu saa kuitafuta kwenye samadi.

Halafu nikajiuliza: je, uwanja? Nikaweka sufuria ya maji chini. Maji yameegemea upande mmoja! Miaka kumi na minane naishi hapa Gendabi, sikujua uwanja wangu umeinama. Gari nimelihamishia kwenye sakafu ya kuanikia mahindi. Sawasawa.

Wingu zito upande wa mlima.

Jumatano, 12 Novemba

Mvua. Korongo litakuwa tope.

Nimeogopa leo. Gari likiwa kwenye jeki, magurudumu yananing'inia, nimeona paipu ya breki ya nyuma imevutika, imekaza kama kamba ya mbuzi. Ingekatikia korongoni, mama mkwe akiwa ndani. Nimekata kipande cha chuma, nimekishusha nacho kishikizo cha paipu. Sasa inalegea. Nimejaribu breki mara ishirini. Zinashika. Bado naogopa.

Alhamisi, 13 Novemba

Tumevuka! Tumbo halikugusa. Nilipiga kelele, na Magreti, yule wa utoto tu, akapiga vigelegele.

Hirbadaw. Mama mkwe tayari, kitenge kipya. Nikafungua mlango. Akapapasa pa kukanyaga, akainua mguu. Haukufika. Akainua tena. Haukufika. Wiki nzima nimepima bloku, bolti, uwanja. Goti la mama mkwe sikulipima. Mjinga mimi.

Tukamwekea kigoda, kikazama kwenye tope. Magreti akasukuma, hakuweza. Wanaume wote wako mashambani, wanapanda. Na mimi ni mkwe, simgusi. Hata mkono hatujawahi kupeana. Tunasalimiana yeye ndani, mimi uani, macho chini. Nikasimama tu. Saa zinakwenda. Nilitaka kulia, kweli.

"Baba Neema, uko wapi?"

"Niko hapa, mama."

"Unangoja nini? Nibebe."

Nikambeba. Mwepesi mno, jamani. Alifumba macho, yeye asiyeona. Mimi nikatazama pembeni. Tukafika Katesh. Tumewahi foleni, amefanyiwa jicho moja.

Ijumaa, 14 Novemba

Tumelala hapa Katesh, nesi ametoa bandeji asubuhi. Mama mkwe aliangalia mikono yake kwanza, mbele na nyuma. Kisha Magreti, muda mrefu. Mimi nilibaki mlangoni, macho chini.

Akaniita ndani. Nikampa shikamoo.

"Marahaba. Inua uso."

Nikainua. Akanitazama taratibu, hana haraka.

"Kumbe una mvi," akasema.

Nikamwambia ndiyo, mama. Magreti alikuwa anamenya chungwa. Akatugawia, tukala.