Mama Mkwe Haoni, Lakini Karata Anazipanga

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla sijapasuka, maana tangu juzi natembea humu ndani mdomo wazi, hata chumvi naitia mara mbili. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule, niliacha kazi kwa muda baada ya mama mkwe wangu kutuambia haoni tena, tukamhamishia kwetu kutoka kwenye nyumba aliyokuwa akiishi peke yake, nikawa namwogesha, namlisha kwa mkono, namshika bega hadi chooni, na Mungu ni shahidi yangu sijawahi kununa. Mume wangu, ili mama asichoshwe na ukimya, akachukua kidude chake cha zamani cha kusikilizia muziki, akaondoa mfumo wa programu kilichotoka nao kiwandani akaweka mfumo huria, ule unaotengenezwa na watu wa kujitolea, unapatikana bure na kila mtu anaruhusiwa kuubadilisha apendavyo, naye akaubadilisha kweli, akarekodi sauti yake mwenyewe ili kitufe kikibonyezwa kidude kiseme, "Nyimbo," "Rudi nyuma," "Mama, betri inakwisha," na mama alipokisikia mara ya kwanza alilia, nami nikalia.

Sasa juzi naingia chumbani kwake na nguo zilizokauka, mama kavaa hedifoni, kanipa mgongo, hakunisikia, nikachungulia juu ya bega lake, na mshauri, kioo cha kidude kinawaka na mama anacheza karata! Kumbe mfumo ule umekuja na michezo yake ambayo sisi hatukuwa hata na habari nayo, na sauti ya mwanawe ameizima, alama yake kwenye kioo imekatwa mstari, anahamisha nyekundu juu ya nyeusi bila kukosea, hadi zikaisha zote akasema taratibu, "Mmekwisha nyie!" Nilitoka kinyumenyume na nguo zangu mkononi. Jioni nikamlisha kama kawaida, akaniuliza, "Mwanangu, leo mbona kijiko kinacheza?" na mpaka sasa sijui alikihisi au alikiona.

Nikimwambia mume wangu atasema namsingizia mama yake, na tajiri yangu anataka jibu Jumamosi, nirudi au cherehani yangu apewe mwingine. Nimwumbue, au niendelee kujifanya sijui?

Fundi Aliyeduwaa

*

Fundi, hata mimi kalamu imenidondoka. Karata! Pole sana. Kumwogesha mtu ukidhani hakuoni, kumbe anakutazama, si jambo dogo, na una haki ya kukasirika. Kasirika leo, umalize.

Lakini na wewe una lako. Umeona kwa macho yako, ukatoka kinyumenyume, jioni ukashika kijiko tena. Sasa mnadanganyana wawili, na mume wako katikati anarekodi sauti. Na hilo wazo la kumwumbua lifute kabisa. Mtu mzima akivunjiwa heshima mbele ya mwanawe, hamtakula tena meza moja kwa amani.

Huenda macho yamerudi kidogo, huenda hayakuwahi kwenda popote. Hilo ni la daktari wa macho, mpelekeni. Mimi nimeshikwa na jambo ulilolipitia mbio: alikuwa akiishi peke yake. Jiulize, wakati huo anaona, nani kati yenu alikuwa akienda kumjulia hali? Usiniandikie jibu, lijue tu. Mtu mwenye macho yake anayekubali kulishwa kama mtoto mchanga anaogopa kitu kikubwa kuliko aibu. Huyu mama anaogopa kurudishwa.

Basi fanya hivi, na usichelewe. Mume akiwa kazini, bisha hodi, ingia, kaa naye kitandani, fungua karata kwenye kidude chake, umpe mkononi acheze. Akikwama mwambie, "Mama, ile nyekundu inakaa pale." Akilia, mwache alie. Akitulia, mwambie wazi kwamba chumba hiki ni chake, aone asione, na kwamba mwanawe ataambiwa kabla ya Jumamosi, na atakayemwambia ni mama mwenyewe, wewe ukiwa pembeni yake.

Halafu rudi kwenye cherehani yako. Chakula chake cha mchana kiache mezani, kijiko kiweke kando ya sahani. Atakiona.