Simu ya Baba Iko Kwenye Mchele

Jolly,

Mchele wa sufuria ndogo usiupike, nakujua. Nimefukia humo simu ya baba yako ikauke. Betri na laini ziko dirishani. ~~Jioni iwashe, umuulize shangazi wa Maliba kama jana baba alilala kwake.~~ Usiiwashe mpaka nirudi.

Nobert, jirani yetu, ameileta ulipoenda kuchota maji. Ameiokota kwenye matope ya Mto Nyamwamba, mafuriko yalipopungua. Nilicheka, nikasema mzee ameiangusha tena. Halafu nikaona ile kamba ya kuivalia shingoni, ambayo haivui hata akilala. Haijakatika. Fundo bado limekaza.

Nimeenda mtoni na Nobert. Chai ya baba iko kwenye chupa. Usiinywe.

Mama