Plau Iliyovuka Mstari

Nyumbani, karakana ya kuchomelea,
Jumatano asubuhi, tarehe kumi na nne.

Mpendwa Kitindamimba wetu,

Salamu nyingi sana kutoka kwa dada yako. U hali gani huko mbali? Kifua kimepona, au bado unakohoa kama trekta la marehemu baba asubuhi ya baridi? Wifi yangu hajambo? Mtoto ameanza kusimama? Ningependa kukuambia kwamba sisi hatujambo, lakini nitakuwa nimekuongopea. Kaa chini kwanza.

Mimi ni mzima, ila mdomo umevimba na meno mawili ya mbele hayapo. Ukinipigia simu usishangae nikiongea kama kikongwe.

Kaka Mkubwa yuko hospitali, paja limevunjika. Kaka yako Kifaru yuko mahabusu, na vidole vitatu vya mkono wake wa kulia vimepondeka. Haikuwa ajali. Walipigana bandani mwa baba, Jumamosi, mchana kweupe, mama akitazama.

Unaukumbuka ule mstari mweupe? Tulipomzika baba, wale wawili walitaka kutoana roho kwa ajili ya vifaa vya trekta. Mama akachukua kopo la rangi, akapiga mstari katikati ya sakafu ya banda, akasema kilicholala upande huu ni cha Mkubwa, kilicholala upande ule ni cha Kifaru, na trekta mtalitumia kwa zamu. Ilikuwa hukumu nzuri. Plau ya diski ina uzito wa ng'ombe wawili, nani angeibeba aende nayo? Miaka miwili walikaa hawapendani, lakini hawagusani.

Halafu nikaja mimi na ufundi wangu. Mwezi uliopita haro, ile ya kusawazishia udongo, iliteleza kutoka kwenye magogo ilikoegemezwa, ikaukosa mguu wa mama kidogo tu. Mama akaniambia, "Wewe si fundi? Tengeneza kitu, kabla hivi vyuma havijaniua." Nikatengeneza. Nilikata bomba za mraba, nikachomelea toroli fupi za magurudumu manne, kila kifaa na toroli yake. Unasukuma kwa mikono yako miwili na chuma kizima kinakwenda kama kitanda cha mtoto. Nilijivuna, nakuambia kweli. Nilimwita hadi muuza maziwa aje kuona.

Toroli ya haro na ya mashine ya kupandia nilizifunga magurudumu yenye breki. Ya tatu, ya plau, breki zilikuwa zimekwisha dukani. Nikaifunga magurudumu ya kawaida, nikajiambia kesho nitachonga kabari za mbao nizitie chini yake. Unanijua mimi na kesho zangu. Ijumaa jioni tuliinua plau kwa trekta tukaiweka kwenye toroli yake, upande wa Kaka Mkubwa, nikafunga banda nikaenda kula.

Jumamosi Kaka Mkubwa alikuja kuifunga plau kwenye trekta akaikuta hatua mbili ndani ya upande wa Kifaru. Alipiga kelele hadi mimi na mama tukatoka mbio. Kifaru naye akaja, bado ana povu la sabuni kidevuni.

"Mwizi mkubwa wewe! Umeiba plau yangu!"

Kifaru angesema tu kwamba hajui lolote, yangekwisha. Lakini kichwa maji yule aliitazama plau, akautazama mstari, akacheka. Akashika fremu ya toroli akasema, "Kilicholala kwangu ni changu. Muulize mama."

Kaka Mkubwa hakumuuliza mtu. Aliokota kipande cha bomba nilichokibakiza mimi mwenyewe, akakishusha juu ya vidole vya Kifaru. Nilisikia mifupa ikivunjika. Nikajitosa katikati yao, kiwiko cha nani sijui kikanipata mdomoni, nikatema meno sakafuni. Kifaru hakulia hata kidogo, na hapo ndipo nilipoogopa. Aliweka bega kwenye toroli, akaisukuma kwa nguvu zake zote. Yale magurudumu niliyatia grisi mimi. Plau ikamfuata Kaka Mkubwa mbio, ikambana ukutani, diski ikamwingia pajani. Damu iliruka mpaka kwenye kioo cha trekta. Hata hivyo Kaka Mkubwa, amebanwa pale, aliendelea kumpiga Kifaru kichwani kwa bomba, na Kifaru aliendelea kusukuma. Nilichukua koleo nikampiga Kifaru mgongoni mara tatu, ndipo akaachia.

Polisi walipomchukua Kifaru, mama alimfuata mpaka kwenye gari lao. "Mwizi na muuaji," alimwambia mbele ya majirani wote. "Radhi yangu huna." Tangu nizaliwe sijawahi kumsikia mama akimtamkia mtu neno hilo.

Jumapili nilichukua ndoo na ufagio nikaosha banda. Maji yenye damu yakateremka yote kuelekea upande wa Kifaru. Nikamwaga ndoo nyingine, yakaenda huko huko. Sakafu hiyo tumeiosha tangu utoto, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kujali maji yanakwenda wapi. Nikaenda kwenye toroli ya mashine ya kupandia, nikafungua breki zake, nikarudi nyuma na kusubiri. Kwanza ilitulia. Halafu ikaanza kwenda yenyewe, polepole, bila hata mlio, ikavuka mstari na kusimama upande wa Kifaru.

Mdogo wangu, hakuna aliyeiba kitu. Ni kabari zangu ambazo sikuzichonga. Nilikaa kwenye maji yale nikajipiga kichwa kwa ngumi zangu mwenyewe.

Jumatatu nilimwambia mama. Alinichapa kwa fimbo yake ya kutembelea mpaka mkono ukamchoka, nami nikatulia nichapwe. Kisha akaniagiza nimletee mtandio, tukaenda kituoni pamoja. Nikamweleza afande habari ya sakafu na magurudumu, akaandika. Kifaru akaletwa, mkono umefungwa bandeji hadi kwenye kiwiko.

Mama akaanza, "Mwanangu, hukuiba. Nimekuja kukurudishia radhi yangu."

"Ngoja, mama," Kifaru akamkatiza. "Plau ilijiendea yenyewe, sawa. Lakini aliyemsukumia kaka ni mimi. Na nilitaka afe."

Afande aliacha kuandika. Nami nilijua kwamba Kifaru angenyamaza tu angekuwa ameshasamehewa. Mama akasema, "Basi radhi kaitafute kwanza kwa kaka yako. Akikupa yeye, nami nimekupa." Tukarudi nyumbani.

Sasa nimefika kwenye shida yangu. Jana nilikwenda wodini kumweleza Kaka Mkubwa. Alinirushia kikombe cha chuma, akasema namkingia kifua mwizi. Ameapa kwamba siku atakayosimama kwa miguu yake ataichoma nyumba ya Kifaru, mwenyewe akiwa ndani. Unamjua, hatishii nyau. Kifaru naye, wakimwachia, hatakimbia. Sitaki kuzika wawili kwa sababu ya kabari nne.

Ni wewe tu ambaye Kaka Mkubwa anakusikiliza. Alikubeba mgongoni ulipokuwa huwezi kutembea, na hadi leo hakukatizi unapoongea. Mpigie leo, usingoje Jumapili. Lakini usimwambie kwamba Kifaru hana kosa, atakata simu, na atakuwa na haki ya kukata. Mwambie hakuiba. Mwambie hilo moja tu, kisha nyamaza umwache alie.

Mama anakusalimu. Shangazi mshonaji anakusalimu, na babu wa mashine ya kusaga anauliza utarudi lini. Mbusu mtoto, mwambie ni kutoka kwa shangazi yake. Mungu akuepushe na hasira za ukoo huu, na akuwekee maneno mdomoni kabla hujashika simu.

Dada yako akupendaye siku zote,
Cheche