Makinda Nimemwachia Mama Yao

Baba Dogo, Nairobi
Jumapili, baada ya kanisa

Kwa Mayi, mama yangu mpendwa,

Naomba barua hii ikukute umekaa, si ukikimbizana na kuku. Barasa ndugu yangu, wewe unayemsomea Mayi, soma polepole na usiruke mahali. Mimi ni mzima, kile kifua kilichonisumbua wakati wa baridi kimeniachilia. Goti lako linaendeleaje? Na yule ng'ombe mweusi, amezaa au bado anatuzungusha tu?

Katika barua yako uliniuliza mambo mawili. Kwanza, hii kazi ya ndege ambayo watu wanaisema huko nyumbani ni kazi gani. Pili, mwanangu Nekesa aje lini Nairobi aanze shule. Nilikuwa nimekubali Barasa amlete kwa basi shule zikifungwa. Sasa nimebadilisha mawazo, na tafadhali usinikasirikie kabla hujasikia yote. Acha nianze na ndege, maana ndio walionibadilisha.

Kiwanda kilipotupunguza, nilichukuliwa kazini na jirani yangu Mzee Mutiso, Mkamba aliyekuwa dereva wa Wazungu fulani. Wazungu walirudi kwao wakamwachia kasuku wawili wa kijivu, wale wenye mkia mwekundu, dume na jike. Wakazaa. Kumbe huko kwa matajiri kuna watu wanaowatafuta ndege hao kwa udi na uvumba. Sasa nyuma ya nyumba ya Mzee kuna vibanda vya waya vyenye kelele kushinda soko la mbuzi la Kiamaiko.

Kazi yangu ni kulea makinda. Mzee huwatoa kiotani hata manyoya hawajaota, mimi nawaweka kwenye katoni yenye taa na vitambaa vya mitumba, nawalisha uji kwa kijiko nilichokikunja kingo. Uji ukiwa moto unamchoma kinda koo, ukipoa anaukataa. Akilelewa hivyo, kinda hukua akidhani mimi ndiye mama yake. Hupanda mkononi, hulala kifuani, na mteja humpenda palepale. Aliyelelewa na mama yake huuma watu. Mtaani wananiita Mama Kasuku. Vijana wa kona wakiniona huuliza, "Sasa, Mama Kasuku, watoto wako poa?" Nami nilikuwa nacheka na kuwajibu kwamba wako poa.

Halafu mteja mmoja, mama wa ofisini, akamrudisha ndege niliyemlea mwenyewe. Alikuwa amepata kazi nchi za nje. Ndege alikuwa amejinyonyoa kifua chote, ngozi tupu, kama kuku aliye tayari kwa sufuria. Yule mama alilia, na si mtu mbaya. Alisema alikuwa akimwacha peke yake kutwa nzima kwa sababu aliona ni ndege tu.

Nilimtia kwenye banda la wazazi wake nikifikiri nimemtendea wema. Mayi, alimwogopa mama yake. Jike alisogea taratibu, akainamisha kichwa ili amchambue manyoya, naye akarudi nyuma mpaka akabanwa na waya, akipiga kelele na kunitazama mimi. Nilimtoa. Tangu siku hiyo wakiniita Mama Kasuku sicheki tena.

Wewe unajua kwa nini. Krismasi iliyopita nilikuja na lile gauni la njano nililolitafuta Gikomba mpaka miguu ikauma. Nikanyoosha mikono, na Nekesa akajificha nyuma ya leso yako. "Mayi, huyu anti anataka kunibeba," akakuambia. Ulicheka na mimi nikacheka. Silaumu mtu. Baba yake alipofariki nami nikawa wa zamu za usiku, ni wewe uliyemchukua akiwa wa kubebwa, na bila wewe sijui tungekuwa wapi. Lakini iliniuma, na bado inaniuma.

Nilimwambia Mzee Mutiso kwamba kazi hii imeanza kunikaa vibaya. Hakukasirika.

"Nafula, hawa hawaujui msitu," akasema. "Wamezaliwa hapa hapa Baba Dogo. Wale wanaonaswa msituni hufia kwenye magunia. Mimi nimemnyang'anya nani msitu?"

"Msitu hapana. Umemnyang'anya yule jike watoto."

"Na wewe mayai si unakula?"

Hapo alinikamata, maana mayai nakula, na kuku nakula. Nilifikiri nikifua, nikapata jibu kesho yake. Kuku hafundishwi kumpenda mtu ndipo auzwe. Huyu tunamfundisha anipende mimi, halafu tunauza hayo mapenzi yake. Na kasuku huishi miaka mingi kama binadamu. Anayemnunua atahama au atazeeka, na ndege atabaki akimtafuta.

Yule aliyejinyonyoa nilimtundikia tundu kando ya banda la wazazi wake, milango ya tundu na ya banda ikiwa wazi na imeshikana, wasitoroke. Kila siku nilikaa hapo karibu nikichambua sukuma wiki, bila kumwita. Ilichukua muda mrefu. Juzi alivuka mwenyewe, akakaa mwisho kabisa wa kijiti cha mama yake.

Sasa jike ameangua tena, na Mzee akaja na katoni. Nikamwambia hawa siwatoi.

"Watauma," akasema.

"Waume."

"Nani atanunua?"

"Mwenye banda kubwa, awachukue wawili wawili. Si wa kubeba begani."

Alitikisa kichwa. "Wewe mama una maneno. Haya, hawa tu. Lakini wakilelewa na mama yao, wewe una kazi gani hapa?"

Nikamwomba ruhusa nije nyumbani mpaka makinda waanze kuruka. Alikubali, ila kazi kuikuta nikirudi hakuniahidi. Labda nitakosa, na hilo linanitia wasiwasi, sikufichi.

Kwa hiyo Nekesa asipandishwe basi. Angetolewa mikononi mwako aje alale na mtu asiyemjua, halafu nimbembeleze kwa uji. Hapana. Nakuja mimi. Shule aanzie hapo hapo kwako, mengine tutaona.

Nisalimie wifi, mke wa Barasa, mwambie kitambaa chake cha kichwa nimekipata. Msalimie mjomba kinyozi wa sokoni, na mwalimu wetu wa kwaya.

Nekesa usimfundishe kuniita mama. Mwambie tu kuna mgeni anakuja. Nitakaa mlangoni pa jikoni kwako nichambue mboga, nimemgeuzia ubavu, bila kumnyooshea mkono. Akitaka atasogea. Asiposogea, mboga za kuchambua hapo kwako hazijawahi kuisha.

Ni mimi bintiyo,
Nafula