Spika Kubwa na Chura wa Jikoni

Fundi, usicheke kwanza. Soma hadi mwisho.

Mama mkwe amekuja kututembelea. Nikamkalisha mbele ya zile spika kubwa ulizonichagulia, nikaanza mhadhara wa mafaili ya muziki: MP3 inakata sauti ndogondogo, FLAC haipotezi hata chembe. Nikabonyeza simu, nikafumba macho. Nikamwambia, "Mama, msikie mwimbaji anavyovuta pumzi."

Nafumbua macho, hayupo.

Mara anarudi kutoka jikoni amebeba kile kispika cha binti yangu, cha plastiki, chenye umbo la chura. Kinaimba. Akaniwekea mapajani taratibu: "Mwanangu, pumzi inatokea huku."

Simu ilikuwa imeunganishwa na chura. Na chura, ndugu yangu. Mke wangu amecheka mpaka ameketi sakafuni.

Nikaenda kuchungulia nyuma ya zile kubwa. Waya zake bado ziko kwenye nailoni ya dukani. Sijawahi kuzichomeka tangu zifike.

Sasa nakuuliza kwa upole. Jumapili uliketi hapohapo, ukafumba macho, ukaapa unasikia hadi vidole vikigusa nyuzi za gitaa. Kwenye spika zipi?

Chura anakusalimu.