Siku ya Tatu Bila Sauti ya Dorika

Bunia, Jumatano ya Juma Kuu. Mvua imenyesha tangu alfajiri na barabara yetu imekuwa tope tupu. Moyo wangu haujatulia.

Ni siku ya tatu sijaisikia sauti ya Dorika.

Binti yangu ni muuguzi huko Bule, upande wenye vita. Kupigiana simu na watu wa huko hakuwezekani siku hizi, ila kituo chao cha afya kina intaneti. Kila asubuhi, kabla ya kupokea wagonjwa, alinitumia ujumbe wa sauti: "Papa, tumeamka." Baada ya hapo ndipo niliposali kwa utulivu.

Tangu Jumatano ya Majivu simu yangu kuukuu ilikuwa ikinionya, kwa Kifaransa, kwamba programu ya ujumbe itaacha kufanya kazi ndani yake. Niliyasoma maonyo hayo, nikayaelewa. Lakini nilikuwa nimemwekea Mungu nadhiri kwamba sitajinunulia kitu kipya hadi Pasaka. Kila mara nilibonyeza "OK", nikijiona mwenye haki.

Jumatatu programu ikajifunga. Ukurasa huu wa mtandaoni, ninaouandika kwa simu hiyo hiyo, bado unafunguka. Sauti ya mwanangu haifunguki.

Mke wangu hakunifokea. Alikuwa akichagua maharagi, akasema bila kuinua macho: "Papa Dorika, nilijua unafunga kula. Sikujua kama unafunga na masikio."

Jana walipita watu kutoka upande wa Bule, magodoro kichwani. Niliwauliza habari za kituo cha afya. Mama mmoja akajibu kwamba walikimbia kungali giza, hakuona kitu.

Nikaenda kwa fundi wa simu, karibu na soko. Aliigeuza simu yangu, akacheka: "Muzee, hii telefone mulibatizwa nayo siku moja?" Kisha akauona uso wangu, akaacha kucheka. "Leta kadi yako tutie mu telefone yangu. Message zote zitaingia. Hautalipa kitu."

Nilimwambia nina nadhiri hadi Pasaka.

Naandika haya kwa aibu. Nadhiri yangu ilihusu kununua, haikuhusu kuazima. Nimefundisha katekisimu miaka mingi. Tofauti hiyo naijua. Niliificha hofu yangu nyuma ya jina la Mungu, kwa maana naogopa kwamba kadi itatiwa, programu itafunguka, na hakuna kitakachoingia.

Nisipofungua, Dorika bado anaamka kila asubuhi.

Je, hiyo ni imani?

Sasa ni saa kumi, na fundi hufunga saa kumi na moja. Mama Dorika amekwisha kujifunga kitenge, amesimama mlangoni.

Naitoa kadi. Bwana, unisamehe nadhiri niliyoigeuza maficho. Lolote litakaloingia, au lisipoingia lolote, tutalipokea wawili.