Mchoro Ni Wako, Darshan Singh

Mwaka umetimia, Baba Balwinder, tangu asubuhi ile ya Mei ulipokwisha kufunga kilemba chako, ukaketi kwenye ngazi kuvaa viatu vya kazi, usiinuke tena. Kiatu kimoja kilikuwa mguuni, kingine mkononi. Daktari alisema ni moyo. Hatukubishana naye, ila sisi tuliokaa nawe tulijua moyo huo ulikuwa umebeba nini.

Tunakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha uliyoposea. Wewe Mpunjabi wa Kisumu, mkeo Usha Mgujarati wa Tanga, na wazee wa pande zote mbili hawakutaka hata kusikia habari hiyo. Hapa Hounslow, London, ndege zikipita juu ya paa toka alfajiri, Kiswahili ndicho kilichokuwa chetu sote. Binti yenu Balwinder alikuwa akikujibu kwa Kiingereza. Hukumkemea, uliuliza tena kwa Kiswahili, polepole, mpaka mmoja wenu akachoka, na aliyechoka hakuwa wewe.

Ulikuwa mtu wa vipimo. Kenya ulifanya kazi miaka kumi na minne katika idara ya barabara, kwanza ukimshikia mpima ardhi vifaa, kisha ukipima mwenyewe huku wakubwa wakitia sahihi zao. Hukuweza kuvuka uwanja bila kuhesabu hatua. Jirani akianza kujenga ukuta, ulitoka na uzi na timazi bila kuitwa. Chai uliimimina kwenye kisosi na kuipuliza, hata mbele ya wageni, na Usha akikukanyaga mguu chini ya meza ulimuuliza kwa sauti kwa nini anakukanyaga.

Februari ya mwaka 1968 ulipanda ndege na mke na mtoto wa miaka minne, kabla mlango haujafungwa. Serikali ya hapa Uingereza ilikuwa ikipitisha sheria mbio mbio kuwazuia watu waliokuwa na pasi zake yenyewe, na ninyi mlikuwa nazo. Ulifika na vyeti vyako ndani ya bahasha ya kaki. Ofisi tatu za upimaji zilivitazama zikavirudisha. Ya nne haikuifungua bahasha. Ndipo ukachukua kazi ya kukata majani katika kiwanja cha gofu, huko kwenye nyika ya kusini-magharibi, mwendo wa mabasi mawili kutoka nyumbani. Jina la klabu hiyo hatuliandiki hapa. Wao hawakuliandika lako.

Jioni ya siku ya kwanza ulirudi ukiwa na mchanga kwenye ndevu, na Usha alidhani utalalamika. Badala yake ulisimulia mpaka chakula kikapoa. Ulisema ulitarajia bustani ukakuta nyika: udongo wa kichanga, misonobari, miti myembamba yenye maganda meupe, na kila mahali vichaka vifupi vya hedha, ambavyo Agosti hutoa maua ya zambarau mpaka kilima kizima kinabadilika rangi. Ulisema mtu aliyekibuni kiwanja kile, mwanzoni mwa karne, hakupigana na ardhi. Aliifuata. Yale mabonde ya mchanga ya kuwanasa wachezaji, ambayo wenyewe huyaita mabanka, hakuyachora mviringo kama sahani. Aliyachimba pale mteremko ulipomwelekeza, akaziacha kingo zake zikiwa zimechanika, hedha ikining'inia juu yake kama nyusi za mzee.

Lakini yaliyobaki yalikuwa machache. Wakati wa vita vya pili vya dunia na baada yake mengi yalifukiwa ili kupunguza kazi, na mengine yakalainishwa mpaka yakafanana na mabeseni. Wanachama hawakuona upungufu wowote. Wewe ulisumbuka miaka minane, ukisema kiwanja kile ni kama mtu aliyeng'olewa meno, anacheka lakini kuna kitu hakipo.

Kisha likaja jua la mwaka 1976. Mvua ilikatika, kumwagilia kukapigwa marufuku, majani yakawa rangi ya biskuti. Asubuhi moja ya Julai, ukiwa juu ya kilima cha shimo la kumi na moja, uliyaona. Penye mchanga uliofukiwa majani yalikuwa yamekauka mapema kuliko mengine, yakawa meupe, na umbo la kila banka la zamani likajitokeza juu ya ardhi kama doa kwenye shuka. Ulimwita Method.

Method ni shahidi wetu, naye bado yu hai, anaishi Thornton Heath. Ni mtu wa Bukoba, mkubwa kwako kwa mwaka mmoja, aliyekuwa akiendesha trekta la klabu. Ninyi wawili mliongea Kiswahili kutwa, na msimamizi wenu aliamini miaka yote kwamba Method amejifunza Kihindi. Method ndiye aliyeshika ncha ya pili ya utepe wa kupimia. Wiki tano mlipima wakati wa chakula cha mchana, mkila mkiwa mmesimama, ukaandika yote kwenye daftari la jalada jekundu: upana, kina ulichokisia kwa kuchoma ardhi kwa nondo, mteremko, umbali hadi kwenye bendera ya shimo. Mabanka ishirini na matatu.

Na hukupima tu, ulielewa. Ulimweleza Balwinder, aliyekuwa na miaka kumi na miwili na hakutaka kuelezwa, kwa nini banka kubwa la shimo la kumi na moja limelala mshazari. Mchezaji jasiri anaweza kulivuka upande wa mbali na kujipunguzia safari. Mwoga atazunguka, naye atafika, ila kwa pigo moja zaidi. Kila mtu anachagua mwenyewe, ulisema, na ardhi inamlipa kwa alichochagua. Kuna lingine lililokuwa hatua sitini kabla ya bendera, lakini ukisimama mbali linaonekana limeigusa, basi mpira unaanguka kabla ya kufika na mchezaji anabaki kujilaumu. Huo uliuita uwongo mzuri. Uliucheka peke yako jikoni.

Ulimpelekea katibu wa klabu daftari hilo. Alikaa nalo wiki mbili, akalirudisha kwa shukrani, akasema kamati itafikiri. Miezi saba baadaye alikuja mtaalamu wa viwanja, mwenye gari refu na mchoro safi wa wino. Mabanka ishirini na matatu. Ulipouona ulikwenda ukamwita Method atazame namba kumi na tisa.

Hapa tunataka kila msomaji aelewe. Namba kumi na tisa lilikuwa kosa lako. Doa lile halikuwa banka. Ilikuwa sakafu ya kibanda cha wanajeshi wa wakati wa vita, na mlipochimba kulijaribu, daftari likiwa bado kwa katibu, mlikuta saruji. Mtaalamu alikuwa amelichora kosa hilo hilo, mahali hapo hapo, kwa upana ule ule uliouandika wewe. Mtu aliyepima mwenyewe angekosea kivyake.

Mlichimba msimu mzima wa baridi, wewe na Method na wengine wawili. Ulikataa mashine kwenye kingo. Ulizikata kwa koleo na kuipanda hedha kwa mkono, kipande kwa kipande, ukirudi nyuma hatua arobaini kutazama, kisha ukirudi kurekebisha. Wachezaji waliopita walikusalimu kwa jina lisilo lako.

Siku ya ufunguzi, Mei 1978, kapteni wa klabu alikwambia kwa mdomo wake uje na familia. Ulivaa suti ya harusi. Usha alivaa sari ya kijani, na Balwinder, miaka kumi na minne, alilazimishwa kuvaa gauni. Mlangoni katibu alinyoosha mkono, si kwa kusalimu.

"Bwana Singh, humu ndani waungwana huvua kofia. Ni kanuni ya nyumba."

"Hii si kofia," ulisema.

"Naelewa. Lakini kanuni ni moja kwa wote."

Nyuma yake, ukutani, mchoro ulikuwa umetundikwa kwenye fremu. Uliutazama, ukamtazama yeye.

"Basi mimi nitakaa nje," ulimwambia. "Ila ule ukutani ni wangu, na mmeuingiza bila mimi."

Hukuinua sauti. Mlikwenda kukaa na Method kwenye banda la matrekta, mkala mikate aliyoitoa kwenye mkoba wake, huku makofi yakisikika kutoka ukumbini. Balwinder alilia kwa hasira, nawe ukampa leso ukamwambia asiichafue.

Baada ya hapo kikawekwa kibao cha shaba kwenye shimo la kumi na moja. Kinasema mabanka yamerejeshwa kwa michoro ya mtaalamu fulani, chini ya uongozi wa kapteni fulani. Majina mawili, na yote mawili hayakuwahi kushika koleo. Uliandika barua mbili. Jibu la kwanza lilisema si desturi kuwataja wafanyakazi. La pili halikuja.

Tuseme ukweli, maana wewe mwenyewe hukupenda kusifiwa uongo: tulikukasirikia. Miaka minne zaidi uliamka saa kumi na moja kwenda kuwachania mchanga watu wale kwa reki. Usha alikuomba uache. Uwanja wa ndege ulikuwa ukiajiri, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Balwinder alikuuliza, kwa Kiingereza chake kikali, huoni aibu. Uliweka kijiko chini.

"Nikiondoka, watayafukia tena," ulisema. "Mabanka hayana kosa, mama."

Hatukuelewa. Wengine wetu bado hatujaelewa. Lakini tulikuwa tukikuona Jumapili, siku yako ya mapumziko, ukitazama mawingu na kukisia kama mvua itabomoa ukingo.

Ulipofariki, klabu ilileta kadi. Walikuita kibarua mwaminifu, na jina walilikosea: Darsham. Method, aliyekwenda kuchukua viatu na reki yako, aliwaambia palepale ofisini kwamba marehemu alikuwa mpima ardhi. Walimjibu kwamba wakati wa msiba si wakati wa malalamiko. Alirudi Hounslow, mzee wa watu, akaweka reki yako ukumbini mwa nyumba yako, na ipo pale mpaka leo.

Tulisubiri mazishi yaishe, tukaandika. Tulitoa nakala za kurasa zako na kuziambatisha: tarehe, vipimo, na hiyo namba kumi na tisa. Katibu mpya alijibu kwa mistari minne kwamba suala hilo lilikwisha kufungwa, na kwamba michoro ya mtaalamu inajitosheleza.

Sasa sikia, maana hili limetokea mwezi uliopita na wewe haupo. Klabu inaandaa kitabu cha historia yake. Katibu huyo huyo ametuandikia barua nzuri, yenye jina lako lililoandikwa sawasawa, akiomba tuwape daftari la jalada jekundu, lile lenyewe, si nakala, liwekwe kwenye kabati la vioo. Eti ni "kumbukumbu yenye thamani ya kazi za matunzo." Mchoro si wako, lakini daftari wanalitaka. Wanataka ushahidi ukae kwao, umefungiwa, karibu na mlango uliozuiwa kupita.

Usha alikwenda mwenyewe, na Balwinder kama mkalimani, ingawa Usha mwenyewe Kiingereza anakijua. Alikataa kiti. Alimwambia katibu kwa Kiswahili, na Balwinder akafasiri neno kwa neno bila kulainisha:

"Mume wangu alikuja hapa na suti yake, mkamtaka avue kilemba. Leo mnataka daftari lake liingie peke yake. Haliingii. Badilisheni kibao kwanza."

Katibu alisema hilo haliko mikononi mwake. Usha akasema basi na kulitoa daftari hakuko mikononi mwake. Wakaondoka. Kibao hakijabadilishwa, na hatuna dalili kwamba kitabadilishwa. Tunaliandika hili wazi ili wanaokufahamu, Wembley, Hounslow, Thornton Heath, Kisumu na Tanga, wakikiona kitabu hicho wajue kilichokosekana ndani yake.

Lipo jambo moja tulilotamani ulisikie kwa masikio yako. Septemba iliyopita Balwinder aliingia chuo hapa London, kusomea upimaji ardhi. Hakukwambia alikuwa na nia hiyo. Pengine alikuwa hajajua. Kwenye usaili walimuuliza kama amewahi kuona kazi ya upimaji kwa karibu, naye akatoa daftari kwenye mkoba. Mwalimu, bibi mmoja wa makamo, alilisoma ukurasa kwa ukurasa mpaka msichana mwingine akawa anangoja mlangoni. Akauliza nani amepima. Balwinder akasema, baba yangu. Mwalimu akaomba ruhusa, akapiga picha kurasa tatu, akazibandika kwenye ukuta wa darasa wanalofundishia. Chini yake ameandika kwa herufi kubwa: DARSHAN SINGH, MPIMA ARDHI, 1976. Aliuliza mara mbili jina linavyoandikwa.

Maombi ya kukukumbuka yatakuwa gurudwara, hekalu la Masingasinga, Jumapili hii, saa nne asubuhi. Baada ya chakula, Method atatuongoza kwa miguu kwenye njia ya umma inayokatiza nyika ile, ambayo hakuna kamati inayoweza kuifunga. Inapita hatua thelathini kutoka shimo la kumi na moja. Tutasimama hapo na kulitazama banka lako, na atakayetaka kutuuliza sisi ni nani atajibiwa.

Unakumbukwa na mkeo Usha. Binti yako Balwinder. Dada zako wa Kisumu. Mashemeji zako wa Tanga, ambao sasa husema walikupenda toka mwanzo. Rafiki yako Method na mkewe. Na majirani wote ambao kuta zao zimesimama wima.

Hatutakusahau, Baba Balwinder, na popote itakapotajwa kazi yako tutalitaja jina lako.